Kufunga pweza, kufunga mwamba kabisa au kupanda matumbawe: kijiji kianze na lipi?

Juzi binamu yangu kanipigia simu, yeye yuko kwenye kamati ya BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi wa ufukweni) kijijini kwetu kusini ya Tanga mjini, anasema "Kaka, mwamba umekwisha, changu hata wa mboga hapatikani, sasa kuna watu wamekuja na mradi wa kupanda matumbawe, wazee wanasema bora tufunge kama walivyofunga wenzetu Kenya, na kina mama wa pweza wanasema mkifunga sisi tutakula nini, we umezunguka huko unasemaje?" Nikamwambia nipe siku mbili nikuandikie maana hili jambo halimaliziki kwa simu. Hiki ndo nilichomwandikia, nimekipanua kidogo kwa sababu najua vijiji vinavyojiuliza hivihivi viko vingi, kuanzia Kwale mpaka Mtwara.

Na niseme mapema msimamo wangu ili usome ukijua: mimi nimelelewa na hela ya madema, ile mitego ya samaki, baba alikuwa anatega, kwahiyo sipendi mtu anayeongea habari za mwamba kama vile hakuna watu wanaokula kutoka huko.

Tunalinganisha nini hasa

Kufunga pweza kwa msimu: mnachagua kipande cha mwamba, mnakiacha miezi mitatu hivi bila mtu kuingia na mchokoo (kijiti cha kumtoa pweza shimoni) wala mkuki, alafu mnafungua siku ya bamvua maji yakitoka sana. Kwa huku kwetu Bahari ya Hindi habari hii ilianzia Madagaska mwaka 2004, kijiji cha Andavadoaka, Wavezo wa huko walishirikiana na shirika la Blue Ventures, baadae ikaenea, Pemba wameifanya Kisiwa Panza wakisaidiwa na shirika la Mwambao.

Kufunga kabisa: kipande kinakuwa hakivuliwi tena, mwaka baada ya mwaka. Mfano ambao kila mtu anautaja ni Kuruwitu, Kilifi, pale Vipingo. Wazee walianza kujipanga 2003 baada ya kuona samaki wanapungua, na 2005 wakatenga hekta kama 30 za bahari, ukitaka picha yake ni kama viwanja vya mpira arobaini. Haikuwa serikali iliyowafungia, walijifungia wenyewe, na 2017 wakapata tuzo ya Equator ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Kupanda matumbawe: mnakata vipande vidogo vya matumbawe hai, mnavilea kwenye kitalu chini ya maji, kwenye vyuma au mabomba au vitofali vya simenti, vikikua mnaenda kuvifunga kwenye mwamba uliokufa. Wanafanya Mkwiro na Wasini kule Shimoni, hata Kuruwitu wenyewe siku hizi wanapanda, lakini angalia mpangilio, wao walifunga kwanza, kupanda kukaja miaka mingi baadae. Hilo nitalirudia.

Kuna mengine mawili, hifadhi ya serikali na mwekezaji, hayo nitayapitia haraka chini kwasababu kijiji hakiamki asubuhi kikaamua kuwa Mafia au Chumbe.

Lini mtu anaona kitu mkononi

Hapa ndo penye tofauti kubwa na hapa ndo vikao vingi vinavunjikia.

Pweza anakua haraka mno. Akiwa mdogo, ndani ya mwezi mmoja tu uzito wake unaweza kukaribia mara mbili, na maisha yake yote ni mwaka mmoja au mwaka na nusu hivi, jike akishataga anakaa analinda mayai bila kula mpaka yanaanguliwa alafu anakufa. Sasa ukimvua yule wa robo kilo leo umepata robo kilo, ukimwacha miezi miwili mitatu unamkuta ana kilo na zaidi, hela tofauti kabisa na mnunuzi anakuheshimu. Sheria ya Tanzania bara yenyewe inakataza pweza wa chini ya gramu 500 lakini nenda sokoni uone. Kule Madagaska watu walikaa wakahesabu, utafiti uliotoka 2015 ulipitia ufungaji 36 wa eneo la Velondriake, huko huko Andavadoaka na vijiji jirani, wakakuta mwezi wa kwanza baada ya kufungua pweza waliotua ufukweni waliongezeka zaidi ya asilimia 700, na kila mvuvi kwa siku alipata karibu asilimia 90 zaidi ya kawaida. Hizo mia saba ni za kijiji kizima kwahiyo usiwaambie watu kwamba kila mmoja atapata mara nane, watakuja kukudai. Ila hata hiyo tisini kwa mtu mmoja sio mchezo.

Kufunga kabisa ni habari nyingine. Mwaka wa kwanza hamuoni kitu, mnaona hasara tu, sehemu mliyokuwa mnavua haipo na samaki bado hawajarudi. Mwaka wa pili wa tatu wanaanza tasi na pono, wale wanakuja haraka. Chewa wakubwa wanachukua miaka mingi sana. Tim McClanahan wa WCS (shirika la uhifadhi), ambaye amechunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 80, kazi zake zinaonyesha kujaa kwa samaki kwenye mwamba uliofungwa kunakwenda mpaka miaka ishirini. Ishirini! Mtoto anazaliwa, anaoa. Lakini ndani ya huo muda kuna kitu kinatokea ambacho kufunga pweza hakukifikii hata kidogo, na mimi nimekuja kukielewa ukubwani: samaki waitwao vikande wanarudi. Kikande ndo anayekula wale viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi wanaotuchoma miguu, mkimvua kikande akaisha wale wa miiba wanajaa mwambani, wanakwangua mwamba usiku na mchana mpaka matumbawe machanga hayapati pa kushika. Sisi tulikuwa tunadhani wamejaa tu kwasababu ya Mungu, kumbe ni sisi tuliomaliza askari wao.

Kupanda matumbawe, faida ya samaki inachelewa vilevile, na wakati mwingine haiji. Yale ya matawi yanaweza kukua sentimita kumi kwa mwaka, yale ya duara makubwa kama mawe yanakwenda sentimita moja hivi, na ndo hayo yanayoishi sana. Kinachokuja mapema kwenye kupanda ni ajira ya mradi, vijana kumi au ishirini wanalipwa kupiga mbizi na kusafisha vitalu, na hiyo si mbaya, kijana aliyelipwa kulea matumbawe hawezi kesho kwenda kuyapiga. Ila inaisha na mradi.

Usiku analinda nani

Hili swali ukiliuliza kwenye kikao watu wananyamaza, kwahiyo liulize mapema.

Adui wa mwamba wa Tanga tunamjua. Baruti ilikuwa inapigwa mchana kweupe, tukiwa shule tunasikia, mwalimu ananyamaza kidogo alafu anaendelea. Imekatazwa tangu 1970 lakini ilipigwa miaka na miaka, mpaka serikali ilipokaza kweli kuanzia 2016 hivi ndo ikashuka sana. Bomu moja linageuza matumbawe kokoto, na kokoto ndo tatizo la muda mrefu maana linahama na mawimbi, kitoto cha tumbawe kikitua juu yake kinabiringishwa kinakufa, ndo maana kuna sehemu zilipigwa sisi wadogo na mpaka leo ni jangwa. Alafu kuna kigumi, mnazungusha nyavu mwamba alafu mnapiga matumbawe kwa miti samaki watoke, na juya linaloburuzwa chini. Hawa wote wanafika usiku au alfajiri na wengi sio wa kijiji chenu.

Sasa linganisha. Ufungaji wa pweza ni miezi mitatu, watu wanaweza kuvumilia zamu za usiku miezi mitatu kwasababu wanaona mwisho wake, na kila mtu ana hisa, anajua akiibiwa ameibiwa yeye. Kufunga kabisa ni zamu isiyokwisha, bila mafuta ya boti na posho kidogo ya walinzi mwaka wa pili watachoka, mtu ana watoto. Kuruwitu walipata upenyo kwa wageni wanaolipa kuja kuogelea na kuangalia samaki, pesa inarudi kulipa walinzi, ila Kuruwitu iko karibu na barabara ya Mombasa Malindi yenye hoteli kila kona. Kijiji chetu mgeni anafika mara ngapi kwa mwezi? Tusidanganyane.

Na kupanda matumbawe hakujilindi kabisa. Nimeuona mradi mmoja siutaji kwa jina, vyuma vilishushwa vizuri, picha zikapigwa, fulana zikagawiwa, mwaka wa pili fedha zikaisha hakuna mtu wa kusafisha majani yaliyoota juu ya vitalu, kusi ikaja na mawimbi yake ikapindua nusu, nusu iliyobaki ikanasa nyavu za watu wakaikata. Niliingia na miwani kuangalia, niliumia kweli, maana vile vipande vilitolewa kwenye matumbawe hai ya palepale, yaani mwamba ulichangia alafu mchango ukatupwa.

Gharama

Kufunga pweza: kikao, maboya au bendera za kuonyesha mpaka, daftari la kupima pweza, mafuta ya doria. Kijiji chenye watu makini kinaweza hata bila mfadhili, ingawa mfadhili akisaidia mafuta ni vizuri.

Kufunga kabisa: hayohayo mara miaka yote, na kuongeza kazi ya kisheria, maana bila sheria ndogo iliyopita mkutano wa kijiji na halmashauri mkimkamata mtu wa mbali anawauliza mmepewa na nani hii bahari. Zanzibar inapitia Kamati ya Wavuvi ya Shehia, Kenya inapitia BMU na mpango wa usimamizi wa pamoja na serikali. Msiruke hii hatua hata kama inachosha.

Kupanda: hapa ndo nilipomwambia binamu akae chini kwanza. Wataalamu waliokusanya gharama za miradi ya dunia nzima mwaka 2019 walikuta kwamba mradi wa katikati, sio wa juu wala wa chini, unakula dola 400,000 kwa hekta moja. Najua huku kwetu kazi ya mikono ni rahisi kuliko Australia na inaweza kuwa chini sana ya hapo, lakini hata ukigawa kwa kumi bado ni dola 40,000 kwa kiwanja kimoja na kidogo cha mpira, na hapo tunazungumzia mwamba wa kilomita. Alafu mapitio mengine ya 2020 yakakuta vipande vilivyopandwa vinavyopona ni wastani wa asilimia 66, inasikika vizuri, ila miradi mingi kati ya hiyo ilifuatiliwa chini ya miezi 18. Baada ya hapo nani alirudi kuangalia?

Bahari ikichemka

Kuna jambo moja ambalo hakuna hata njia moja kati ya hizi inalizuia na lazima lisemwe mbele ya wazee ili baadae wasije wakadhani wamedanganywa. Tumbawe ni mnyama anayeishi na vijimea vidogo mno ndani ya ngozi yake, ndo vinavyomlisha na kumpa rangi, maji yakipanda digrii moja tu juu ya joto la kawaida la msimu wa joto na kukaa hivo wiki kadhaa, anavitema, anabaki mweupe kama mfupa. Yakipoa mapema anapona, yakichelewa anakufa kwa njaa. Mwaka 1998 ilipiga ukanda wetu wote, kuna sehemu za Kenya na Mafia zilipoteza nusu na zaidi ya matumbawe hai, na hifadhi za Malindi na Watamu ambazo zinalindwa tangu 1968 hazikunusurika, joto halijui mpaka wa hifadhi. Ikaja 2016, ikaja tena 2024 ambapo wataalamu walitangaza kupauka kwa dunia nzima kwa mara ya nne.

Kwahiyo linganisha hapo pia. Kufunga pweza hakuna uhusiano mkubwa na joto, pweza atajificha hata kwenye mwamba uliokufa kwa muda, ila mwamba ukishabomoka kabisa mashimo yanaisha na yeye anahama. Kufunga kabisa hakuzuii kupauka lakini baada ya kupauka ndo kuna kazi, pono na wala majani wengine wakiwepo wanakwangua majani yasifunike mwamba, na matumbawe machanga yanapata pa kushika. Ni kama mtu kaugua, dawa hujampa ila ana ndugu wa kumuuguza. Kupanda ndo kunaumia zaidi, kwasababu wengi wanapanda yale ya matawi maana yanakua haraka na yanapendeza kwenye picha, na hayohayo ndo ya kwanza kufa joto likija. Mkiamua kupanda basi chukueni vipande kutoka makundi yaliyobaki hai baada ya 2016 na 2024, yale yamefaulu mtihani.

Faraja moja kwa sisi wa Tanga, Pemba na Shimoni, kati yetu na Pemba kuna maji ya kina kirefu na ubaridi wake unapanda mpaka mwambani, kina McClanahan walionyesha mwaka 2020 kwamba eneo hili la mpakani limestahimili joto kuliko sehemu nyingine. Maana yake sisi ndo tuna mwamba wenye nafasi ya kubaki. Ukiniuliza mimi hiyo inaongeza deni letu kwasababu mbegu za matumbawe ya kwingine zinaweza kutoka hapa.

Hifadhi ya serikali na mwekezaji, kwa kifupi

Mafia ilitangazwa 1995, ya kwanza Tanzania kupewa hadhi ya "Marine Park", kilomita za mraba 822, watu wanaishi ndani yake na kuna maeneo marufuku kabisa na maeneo ya kuvua kwa masharti. Uzuri wake ina sheria na askari wenye boti. Ubaya, kijiji kinakuwa mgeni kwenye maamuzi, na mivutano na baadhi ya vijiji ilikuwa ya miaka. Diani Kenya ni somo jingine, hifadhi ilitangazwa 1995 wavuvi wakaikataa na ikabaki kwenye karatasi.

Chumbe ya Zanzibar ilifungwa 1994, hifadhi ya bahari ya kwanza duniani inayoendeshwa na kampuni binafsi, vibanda saba tu vya wageni, walinzi wengi walikuwa wavuvi wakafundishwa upya, watoto wa shule wanapelekwa bure kujifunza, na mwamba wake ni mzuri sijaona mfano. Lakini kile ni kisiwa ambacho hakikuwa na kijiji, na kinasimama kwa hela ya mgeni, 2020 corona ilipofunga ndege kila mtu wa utalii aliijua maana ya kutegemea mgeni. Kama mwekezaji anawafuata na karatasi, tafuteni mwanasheria kabla ya kusaini, basi.

Mi ningechagua hivi

Kama mwamba wenu bado una mashimo na pweza wapo ila wadogo, na kijiji hakina umoja sana, anzeni na kufunga pweza. Sio kwasababu ndo inayookoa mwamba, haiokoi, ila inawapa watu ushahidi kwa macho yao ndani ya siku tisini, na kijiji kilichoona kilo mbili mbili zinatoka kitakusikiliza ukisema sasa kona ile tuiache moja kwa moja. Velondriake ndo ilivyokuwa, pweza 2004 na kufikia 2006 wakawa na eneo lao kubwa la kusimamia wenyewe.

Kama tayari mna umoja na kuna kijiji jirani cha kuelewana nacho juu ya mpaka, msipoteze muda, fungeni kipande kabisa, kidogo tu, hekta kumi mnazoziona kutoka ufukweni ni bora kuliko mia moja ambazo hamna mafuta ya kuzifikia.

Kupanda iwe ya mwisho, na kwa sehemu zile tu zilizogeuka kokoto la baruti ambazo haziwezi kujiponya zenyewe hata mkifunga miaka hamsini, hapo ndo kupanda kuna kazi ambayo hakuna njia nyingine inaifanya. Kama wenye mradi hawakubali kwamba eneo lifungwe kwanza, waambieni asante.

Na mkianza na pweza jihadharini na mambo mawili. Siku ya kufungua watu wanakuja mpaka wa vijiji vya mbali, asubuhi moja mwamba unakanyagwa kuliko mwaka mzima, kwahiyo wekeni idadi, kateni njia za kupita, na kila anayeingia apite kwenye mizani. La pili ni kina mama. Wao wanavua kwa miguu maji yakitoka, hawana mtumbwi wala miwani, mkifunga ule mwamba wa karibu mwanaume anaenda kuzamia kwenye kina na maisha yanaendelea, mama amekatiwa kabisa. Kisha siku ya kufungua wazamiaji wanakuja na mkuki wanamaliza wakubwa. Nimeshauri sehemu ya kufunga ichaguliwe na wao, wabakishiwe kipande chao cha karibu, na siku ya kwanza ya kufungua waingie wao peke yao kabla ya mtu yeyote mwenye mkuki.

Binamu kajibu jana usiku. Kikao ni Ijumaa baada ya swala, wenye mradi wa kupanda wameambiwa wasubiri, na kina mama wanakutana wao kwanza Alhamisi kwa mama mmoja mwenye uwanja mkubwa, wanatafuta tarehe itakayoangukia bamvua kubwa.